Nyota Tano Nilizoipa Hosteli ya Wendani

Nafula, mama,

Umetoka kwenda kuwaaga wenzako wa kwaya, na mvua imenizuia kwenda popote, kwa hivyo nimekaa kitandani na daftari lako la hesabu uliloacha kurasa tupu. Ni Jumapili, saa tisa mchana. Kesho asubuhi unaondoka. Mkono wangu umezoea sepetu kuliko kalamu, na shule niliiachia darasa la sita, kwa hivyo ukikuta neno limekaa vibaya, liweke sawa mwenyewe uendelee.

Mambo ya kula, kulala, kuomba na kuchagua marafiki sitayaandika. Mama yako amekupigia simu wiki nzima kutoka nyumbani Kimilili akakueleza yote hayo, mengine mara tatu. Mimi nina jambo moja tu, nalo ni la ramani ya simu. Najua utacheka, useme baba ameniandikia barua nzima kuhusu ramani. Cheka, halafu usome.

Alhamisi uliniuliza kitu nikakujibu vibaya. Ulikuwa unapanga nguo kwenye begi, ukasema, "Baba, nikuwashie lokesheni? Utakuwa unaniona kwa simu mpaka nifike kwa shangazi." Nikakwambia sitaki. Ukasema, "Basi nikuandikie jina la mahali." Nikakwambia hilo ndilo sitaki kabisa. Ukaacha kukunja nguo. "Kwani hutaki kujua nitalala wapi?" Nikatoka nje nikasimama karibu na tangi la maji la ploti tuliyopanga kama mtu anayengoja zamu ya kuteka, na ndoo sina.

Jibu ni hili. Limenikaa kooni tangu mwaka jana na limeanza kunuka.

Unajua kwamba shangazi yako Nekesa alivunjwa mkono pale Kahawa Wendani na mume wake, Barasa. Unajua alikuwa amejificha pale, na kwamba waliojua ni watu watatu tu: mimi, wewe, na Mama Njeri, yule mama anayesimamia hosteli ya wanafunzi, aliyempa kazi ya usafi na chumba kidogo nyuma ya jengo. Usichojua ni nani aliyemwonyesha Barasa njia. Shangazi yako anaamini ni Mama Njeri. Wewe pia unaamini hivyo. Nilikusikia ukimwita nyoka, mbele ya majirani, nami nikaendelea kuchambua maharagwe.

Ni mimi, Nafula. Mdomo wangu haukusema kitu, lakini ni mimi.

Wewe ulipokuja huku ulinikuta na simu kubwa. Kabla ya hapo nilikuwa na ile ya kubonyeza, iliyofungwa na mpira wa ndani ya baiskeli ili betri isianguke. Ilikuwa inanitosha. Kwenye mjengo mimi ni mtu wa mkono: nampelekea fundi mawe, nakoroga simiti, nabeba maji. Kazi kama hiyo haihitaji simu yenye akili. Lakini fomeni wetu, Karis, kijana ambaye viatu vyake havijawahi kushika matope, alikuja siku moja akasema simu za kubonyeza basi.

"Wazee, sina muda wa kupigia mtu mmoja mmoja. Nina saiti Ruiru, Juja na Thika. Nataka niwaone kwa ramani. Aliye karibu na kazi ndiye anaitwa."

Mzee mmoja akauliza, "Na tukiwa chooni?"

"Hata huko nitawaona. Lakini sitawaita."

Tulicheka sana. Nikatafuta simu ya mtumba, na asubuhi moja tukapanga mstari watu kumi na mmoja, kama ng'ombe wanaosubiri kuogeshwa dawa ya kupe, Karis akipokea kila simu na kubonyeza. Kubali. Kubali. Ruhusu muda wote. Ikafika mahali ramani inauliza lokesheni ionekane kwa muda gani, saa moja au mpaka mwenyewe azime. Akabonyeza mpaka mwenyewe azime. Mimi nilikuwa nimeshika ndoo mbili za simiti. Sikuuliza ni nani anayeona na ni nini kinaandikwa. Nilifikiri ramani ni kama picha ya ukutani, wewe unaitazama, yenyewe haikutazami.

Na nisikudanganye, niliipenda. Mtu ambaye tangu atoke nyumbani anajulikana kwa kupotea, leo anaambiwa na sauti ya mwanamke mpole, geuka kushoto. Mara moja ilinipeleka katikati ya shamba la kahawa mpaka kwenye geti lililofungwa, na mlinzi akatoka na mbwa wawili akiwa amechoka kabisa. "Hata wewe umetumwa na huyo mama wa simu? Ni wa nne leo. Mwambie hapa hakuna barabara tangu nizaliwe." Lakini siku nyingi ilinifikisha. Nikawa najivuna. Niliwaelekeza mpaka mafundi.

Sasa Barasa. Alikuwa fundi wa mawe pale pale, nami mtu wake wa mkono. Ndiye aliyenitafutia kazi nilipotoka nyumbani, kwa heshima ya kwamba ameoa dada yangu. Nekesa alipomtoroka kule Thika na jicho lililovimba likafunga, nikampeleka kwa Mama Njeri, halafu Jumatatu nikarudi kazini kumpelekea Barasa mawe. Ningeacha kazi angejua kuna kitu. Kila wiki alikuwa ananiuliza, "Mulamwa, hujasikia habari za mke wangu?" Mulamwa ndivyo sisi huitana tukioleana, na alilitamka kwa upole, kwa sauti ya mtu aliyefiwa. Nami nilikuwa namjibu kwa upole huo huo, "Sijasikia, mulamwa. Hata nyumbani wananiuliza." Nilikuwa nampokeza jiwe kwenye mkono uliompiga dada yangu, nasema uongo, na moyoni najisifu. Nilijiona mjanja. Jumapili namwambia nasali Githurai, halafu naenda Wendani kumwona Nekesa.

Jumapili moja nilikuwa nimekaa kwenye ngazi za hosteli. Nekesa alikuwa anaosha ngazi za juu, anaimba, na ilikuwa miezi mingi sijamsikia akiimba. Simu ikatetemeka. Ikaandika kwa Kiswahili safi, ikauliza mahali hapa nilipo pakoje, na chini yake nyota tano tupu za kujaza.

Mama, mimi nilifikiri ni mtu ameniuliza. Nilifikiri kuna ofisi mahali, na karani, na mwenye hosteli atasoma. Nikasema moyoni, hii ndiyo nafasi ya kumsaidia dada yangu asifukuzwe kazi. Nikajaza nyota zote tano. Halafu nikaandika kwa kidole kimoja, nikichukua muda mrefu kuliko ninaochukua kukoroga simiti ya nguzo: "Hapa ni pasafi sana. Dada anayeosha ngazi ni mtu wa Mungu, asiwahi kuachishwa kazi." Kando yake pakawa na jina langu, na picha yangu ya koti la kanisani.

Wiki mbili baadaye programu ikaniandikia kunipongeza. Ilisema maneno yangu yanasomwa. Nilifurahi, Nafula. Nilitembea kutoka stendi mpaka nyumbani nikitabasamu kama mtu aliyeitwa jukwaani.

Tabasamu lile naliona aibu hata kuliandika. Sisemi hivyo kwa kupamba barua. Ninapoandika hapa nimeweka kalamu chini mara mbili.

Ilikuwa Jumatatu, saa ya chai, kwenye saiti ya Ruiru. Karis alikuwa amemwambia Barasa kwamba kesho ataenda saiti ya Thika. Simu ya Barasa ilikuwa imeisha chaji. "Mulamwa, lete yako nione hiyo saiti iko wapi." Nikatoa. Ilikataa kufunguka kwa kidole changu kwa sababu simiti imekula alama za vidole vyangu zote. Simu hainijui mkono. Nikamtajia nambari ya siri, mwaka uliozaliwa wewe, nikarudi kwenye andazi langu.

Kidole changu haikukijua, lakini Jumapili zangu ilizijua zote. Alipofungua ramani tu, kabla hajaandika Thika, ikamletea yenyewe mahali ninapoenda mara kwa mara. Akagusa. Akakuta nyota zangu na maneno yangu, na dada anayeosha ngazi. Hayo nilikuja kuyajua baadaye. Wakati ule niliona tu ameinamia simu.

"Mulamwa, siku hizi unasali Wendani?"

"Githurai," nikasema. "Unajua nasali Githurai."

"Ee. Githurai." Akanirudishia simu kwa mikono miwili, kwa adabu. Mchana ule alinisaidia kubeba mawe, jambo ambalo fundi hafanyi. Alikuwa anapiga mluzi.

Nilihisi kitu. Hilo nalo nikuandikie. Nilihisi kitu kimenipanda mgongoni, na sikumpigia Nekesa. Nilijiambia simu ni kifaa tu, haisemi. Kesho yake Barasa hakuja, nikasema yuko Thika.

Saa nne Mama Njeri akanipigia. Ni yeye aliyenipigia, Nafula. Ni yeye aliyemtoa Nekesa chini ya ngazi, akampigia Barasa kelele mpaka wanafunzi wakajaa uani na yule mwanamume akakimbia, ni yeye aliyembeba dada yangu kwa bodaboda hadi kliniki akiwa amemkumbatia asianguke. Nilipofika nilimkuta amesimama ukutani na leso yake imelowa damu isiyo yake. Nekesa alikuwa kwenye benchi, mkono umefungwa kwa ubao. Nikakaa kando yake. Na kabla sijasema pole, simu ikatetemeka mfukoni. Nikafikiri ni wewe.

Haikuwa wewe. Ilikuwa ni ramani. Iliona nimefika kliniki. Iliniuliza mahali hapa pakoje, na nyota tano tupu za kujaza.

Nikaifungua kwa hasira, na pale chini ya swali nikaona orodha ya mahali pengine nilipowahi kutoa nyota. Palikuwa mahali pamoja tu, hosteli ya Wendani. Nikajua kila kitu kwa mara moja. Ile "unasali Wendani". Ule mluzi. Nikatoka nje nikatapika kando ya mtaro, watu wakanipisha wakidhani mimi ndiye mgonjwa.

Niliporudi, Nekesa aliniuliza, "Kaka, ni nani alimwambia?"

Na sasa ndiyo sehemu iliyonifanya nitafute karatasi. Nilisema, "Sijui." Halafu nikamwangalia Mama Njeri. Sikutaja jina lake. Nilimwangalia tu, pale ukutani alipokuwa na leso yake ya damu, nikashusha macho. Nekesa akafuata macho yangu mpaka yalipofika. Alipotoka kliniki hakumshukuru yule mama, hakumuaga, hakurudi hata kuchukua ndala zake. Alikaa kwetu hapa Mwihoko mpaka mkono ukaunga, halafu akaenda mbali, na mahali alipoenda akakwambia wewe peke yako. Mimi aliniambia, "Kaka, si kwamba sikuamini. Nimechoka tu na watu kujua." Hakujua alikuwa anamwambia nani.

Barasa alikamatwa akaachiliwa kwa dhamana, na kesi yake bado inatajwa na kuahirishwa. Hajaacha kutafuta. Mwezi uliopita alinikuta pale stendi ya Ruiru akanisalimia kwa jina la ukoo, akauliza, "Na msichana wako amemaliza shule? Anaenda wapi sasa?" Nikamwambia yupo tu. Akaitazama simu mkononi mwangu. Hakunitazama usoni. Aliitazama simu kama mtu anayetazama sufuria ya jirani. Ndiyo maana wiki ile nilikwambia usiwatumie marafiki picha ya barua yako ya chuo, ambayo mimi mwenyewe sijaisoma, ukanikasirikia.

Basi unaona ninachoogopa. Kesho unaenda kuanza masomo yako ya ufundi wa stima na utakaa kwa Nekesa. Nyumba yenu ikijulikana kwa simu moja tu, imejulikana.

Baada ya kliniki nilitaka kuipasua ile simu kwa nyundo. Wewe ndiye uliyeichukua mkononi mwangu, unakumbuka, ulipokuwa unafanya kazi kwenye saiba, lile duka la kompyuta la Wendani. Ulifikiri nina uchungu wa shangazi tu. Ulisema, "Baba, simu haina makosa, ni hii programu. Acha niitoe nikuwekee nyingine." Ukakaa mlangoni ukafuta historia yangu yote, ukafuta nyota zangu bila kuzisoma, nashukuru Mungu hukuzisoma, ukaweka ramani ile nyingine inayotengenezwa na watu wa kawaida, wanaotembea wakachora njia zao wenyewe. Nikakuuliza mara ngapi! "Haitaki jina langu?" "Haitaki." "Haitaki barua pepe?" "Baba, haitaki kitu. Unapakua ramani ya eneo mara moja, basi inafanya kazi hata bila bando." "Na nyota?" Ukanishangaa. "Nyota gani?"

Nimeitumia tangu siku hiyo na nitakwambia ukweli wake, kwa sababu wewe uliiweka lakini mimi ndiye niliyetembea nayo. Si nzuri kama ile. Haijui msongamano wa magari. Nyumba nyingi mpya hapa kwetu haina. Siku moja kule Juja ilinifikisha kwenye ua wa michongoma ikanyamaza, nikabaki nauliza watu kama zamani. Utachelewa nayo. Utapotea kidogo, na itabidi umuulize mama wa mboga akuelekeze, naye atakuuliza umetoka wapi na wewe ni wa nani. Nimeamua nitabeba hasara hiyo. Ile nyingine haipotezi mtu njia, kweli. Ilimfikisha Barasa mpaka kwenye ngazi.

Pakua eneo la huko kabla hujaondoka hapa, ukiwa na intaneti ya jirani, usingoje kufika. Na hata kwenye hii, usiweke alama juu ya nyumba. Mimi nimejifunza kuweka alama kwenye kitu kingine: posho mill ya kusaga unga, kanisa, njia panda, kitu ambacho kila mtu anakipita. Kutoka pale miguu inajua. Mtu wa bodaboda akikuambia umtumie pini ya mahali, mwambie akushushe njia panda. Simu ikiuliza kama iruhusu lokesheni muda wote, kataa, iruhusu ukiwa unaitumia, halafu uzime. Mtu akichukua simu yako kutafuta njia, simama kando yake mpaka airudishe. Najua haya unayajua kunishinda. Nayaandika kwa sababu niliyajua nikiwa nimechelewa.

Karis naye nilimkatalia. Nilimwambia lokesheni nimezima na haitawaka tena, akinitaka apige simu. Akasema mbele ya wote, "Mzee, mtu anayejificha ameiba." Mafundi wakanipa jina, sasa naitwa Jasusi. "Jasusi, lete maji." "Jasusi, nchi gani imekutuma?" Siku nyingi Karis ananiruka, anawaita anaowaona kwenye kioo chake, nami inabidi niamke kabla ya wote niende kusimama kwenye geti la saiti kwa miguu yangu. Nimechoka, sikufichi. Magoti haya si ya kutembea kutoka Mwihoko mpaka Ruiru kila siku. Lakini wanaponiita Jasusi nasikia afadhali kuliko Barasa aliponiita Mulamwa.

Sasa kuhusu Alhamisi. Unamjua Baba Brayo wa mlango wa pili. Binti yake yuko chuoni, na yeye jioni anakaa pale nje na simu akiangalia alama ya bluu ya mtoto. "Ona, yuko maktaba," ananiambia. "Ona, ametoka. Sasa anakwenda wapi huyu?" Jumatano alimpigia kumuuliza kwa nini amekaa dakika arobaini kwenye jengo asilolijua. Msichana akalia kwenye simu, alikuwa kwa mwenzake mgonjwa. Baba Brayo akakata simu akaniambia, "Mtoto ni kuchungwa." Nilitazama ile alama ya bluu ikipumua kwenye kioo, nikaukumbuka ule mtaro wa kliniki.

Lakini niandike yote. Nilimwonea wivu pia. Uliposema Alhamisi, "Nikuwashie?", mkono wangu ulitaka. Nilitaka kuiona alama yako ikienda na barabara mpaka isimame, nijue mtoto wangu amefika. Kila mzazi angetaka. Na hicho ndicho kilichonitoa nje mpaka kwenye tangi. Nilijiona nikiwa kwenye mstari wa watu kumi na mmoja tena, safari hii mimi ndiye ninayebonyeza na wewe ndiye ng'ombe. Sikukataa kwa kuwa sijali utalala wapi. Nilikataa kwa kuwa nimeshajua mtu wa aina yangu anafanya nini na mahali pa watu.

Jana nilipokwambia naenda kunyoa, nilikwenda Wendani. Nilimkuta Mama Njeri anaanika mablanketi ya wanafunzi. Nikamwambia yote, nimesimama, kofia mkononi. Hakuacha kuanika.

"Baba Nafula, mimi nilijua," akasema.

"Ulijua simu?"

"Simu sikujua. Vile uliniangalia siku hiyo pale kliniki, nikajua ni wewe. Mtu hamwangalii mwenzake hivyo kama hana kosa anataka kumwekea."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema nini? Ulikuwa na makamasi mpaka kwa shati." Akapiga blanketi, vumbi likanijia usoni, nadhani kwa makusudi. "Na usiniletee pole zako hapa. Pole peleka kwa mwenye mkono."

Halafu akaingia ndani akatoka na ndala za Nekesa. Ameziweka mwaka mzima, zimeoshwa, zimefungwa kwa karatasi ya plastiki. Alipokuwa ananipa ndipo alipolia, na hakutaka nione, akaniambia niende.

Ndala hizo nimezitia chini ya begi lako, upande wa kushoto. Mpe shangazi yako ndala kwanza. Halafu mpe barua hii aisome mwenyewe kuanzia juu. Usimsomee na usimpunguzie. Asipotaka kunisikia tena, kaa naye tu, usinitetee. Akitaka kumpigia Mama Njeri, nambari ni ile ile. Na wewe neno ulilomwita yule mama mbele ya ploti hii, ulimwita kwa sababu yangu. Nimeshamwambia hivyo.

Akishasoma, karatasi hizi zitieni jikoni ziungue. Nimeandika kwa mkono kwa sababu hiyo.

Mvua imepungua. Nasikia wenzako wakicheka kwenye lango, nafikiri ni wewe unarudi, kwa hivyo nimalize.

Kesho nitakubebea begi mpaka stendi. Tukifika nitaliweka chini, nitakushika mkono, halafu nitageuka niende kabla hujasogea kwenye gari lolote. Usiniite. Utaona mgongo wangu tu, na utadhani bado nimekasirika, au nalia sitaki uone. Huenda nitakuwa nalia. Lakini nitageuka ili nisisome yale maandishi ya kwenye kioo cha mbele yanayosema gari linaenda wapi.

Ukifika, nipigie, simu iite mara moja, ukate. Nitajua umefika. Hayo mengine, kaa nayo.

Ni mimi baba yako, ambaye sijui uko wapi.